Tulipanga Tangu Mwanzo

Mtwara, Chikongola
3 Februari 2025

Dada yangu Warda,

Assalaam aleikum. Watu wengine wakiteleza wanaangukia tope. Mimi nikiteleza naangukia sinia la pilau, tena upande wenye nyama. Kaa chini kwanza, kama viti vimefika huko Kilambo. Umekaa? Bosi Mustafa amenipa sehemu ya tatu ya gemu letu la Mlango wa Mto niiandike mimi. Mimi Fikirini, niliyeishia kidato cha pili kwa sababu hesabu zilinionea wivu! Mwandishi mkuu, mwanzo mpaka mwisho, na neno langu ndilo la mwisho. Nimeishi Dar, nimefika Nairobi kwenye maonyesho ya gemu, nimevuka hadi Pemba ya Msumbiji, na sijaona mtu mwenye bahati kama mimi isipokuwa kwenye kioo.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu yako nikiipiga inadakwa na mtandao wa ng'ambo, dada mmoja ananisemesha Kireno mpaka salio linakata roho. Barua atakuletea Mathayo wa gari la Kilambo. Nijibu kupitia huyo huyo, hana maneno mengi na hafungui vya watu.

Ofisi unaikumbuka. Bado tuko juu ya stoo ya dagaa, na feni kazi yake ni kuhamisha harufu kutoka kona hii kwenda kona ile. Ukila chapati humu unakula na dagaa ambao hukuwanunua. Lakini mwandishi mkuu hasikii harufu.

Ijumaa nilikwenda Mikindani. Nikawatangazia pale barazani kwa kina Saidi: jamani, hili gemu mnalocheza kwenye simu zenu, hadithi yote, tangu sehemu ya kwanza, imetoka kichwani humu. Nikajigonga kipaji. Wamenimiminia kahawa mpaka birika likakauka. Najua ya kwanza na ya pili uliandika wewe, lakini wewe umekwenda kufundisha watoto wa watu, na sifa ikikosa mwenyewe inaoza.

Sasa dada, si kwamba sijui, lakini hebu nikumbushe: ule mpango wako wa tangu mwanzo ulikuwa unaishia wapi? Zuberi yuko kwa bibi yake pale mtoni, baba yake amepotea, halafu? Na kuna kituko. Lile neno la Bibi kumwita Zuberi "mume wangu" wachezaji wa nje wameligundua. Wamelitengenezea video, imetazamwa na watu wengi kuliko Mtwara na Lindi ukizijumlisha. Bosi anachekelea tangu asubuhi. Amewajibu wote kwa mkupuo: "Tulipanga tangu mwanzo."

Ni mimi mdogo wako mwenye nyota,
Fikirini


Kilambo
8 Februari 2025

Mdogo wangu Fikirini,

Waaleikum salaam. Hongera. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, ya pili nikasikia kichefuchefu.

Asia, mwalimu mwenzangu, simu yake inashika mtandao akipanda juu ya kichuguu nyuma ya shule. Tumepanda wote wawili. Nimeiona hiyo video. Kijana, sijui wa nchi gani, kavaa kofia ndani ya nyumba, anaeleza kwamba bibi yake Zuberi si bibi. Ni mkewe. Kazeeshwa na uchawi wake mwenyewe, na anamlea mumewe taratibu ili akinenepa ammeze. Ushahidi wake ni kwamba kila asubuhi anamwita "mume wangu", na wao kwa Kiingereza wamelitafsiri hivyo hivyo lilivyo, kavu. Nilitema mate, Fikirini. Nikasukutua kabisa.

Hivi kuna mtu aliyelelewa na bibi pwani hii asiyejua? Mjukuu wa kiume ni mume, mjukuu wa kike ni mke mwenza. Mimi mpaka leo Bibi akiniona anashika kiuno: "Mke mwenzangu, umekuja kuninyang'anya?" Ni utani wa kumwonyesha mtoto kwamba anapendwa na mtu asiye na nguvu ya kumchapa. Na neno lile sikuliandika mimi. Bibi alikuambia wewe, ukiwa umemshikia kinasa sauti: "Mume wangu, njoo ule, ugali unapoa." Ukaliacha kwa sababu lilikuwa tamu, nami nikakubali kwa sababu kweli lilikuwa tamu.

Umeniuliza mpango. Sehemu ya kwanza Bibi anasema, "Ufunguo uko chini ya mto." Wachezaji wote walikimbilia kitandani, wakainua mto, wakakuta kifunguo cha sanduku, wakaridhika. Mimi sikukusudia mto wa kulalia. Mto ni Ruvuma. Mlango ni pale mto unapoingia baharini, ndiyo maana jina likawa hilo. Baba yake Zuberi hakuzama. Alivuka, akafungiwa upande wa pili, na ufunguo umelala chini ya maji. Bibi anajua, ila ameapa hatasema mpaka mtoto aweze kuogelea. Sehemu ya pili nzima anamfundisha kuogelea, na watu walilalamika kwamba inachosha! Kidokezo ni kama mkorosho, unaupanda ukijua mwaka huu hutabangua kitu. Miaka minne mkorosho wangu umesimama katikati ya uwanja na hakuna aliyeuona. Wameona utani, wakauita mpango.

Lakini hilo ni langu, nitalimeza. Lisilomezeka ni hili. Sauti ile ni ya bibi yetu Mwanaidi, na Mikindani nzima inaijua. Anaishi peke yake. Macho yake mekundu kwa moshi wa kukaanga vitumbua, na unajua macho mekundu ya kikongwe yanavyosomwa huku kwetu. Mkimfanya yule wa kwenye gemu mchawi, kidole hakitanyooshewa picha. Kitanyooshewa yeye, mlangoni kwake.

Umesema neno lako ndilo la mwisho. Basi lifute hilo kabla Mustafa hajafunga kazi. Kama huwezi niambie, nije mwenyewe. Hadithi ni yangu na Mustafa bado ananisikiliza. Mkoba nimeshaufunga. Nasubiri neno lako tu.

Warda


Mtwara
14 Februari 2025

Dada Warda,

Fungua mkoba. Usije. Kwanza barabara ya huko mvua imeigeuza uji, pili hakuna haja. Nimemaliza.

Juzi tulikuwa kikaoni. Agnes, yule binti anayechora, alileta picha mpya ya Bibi. Dada, ningekuwa nimekula ningekirudisha chakula. Kampa meno kama ya papa, kucha kama magando ya kaa, na ute unadondoka mdomoni. Ute! Bibi yetu anayefuta mdomo kwa ncha ya khanga hata akinywa maji! Nikamuuliza, "Agnes, huyu nani?" Akasema, "Fikirini usinitazame hivyo, mimi nachora ninachoambiwa, na mimi mwenyewe usiku sikulala vizuri."

Nikamgeukia bosi. "Bosi, huyu bibi hawi mchawi."

"Fikirini, watu wanamtaka mchawi."

"Watu wanataka mengi. Mimi nataka kuoa wanne."

Agnes akacheka mpaka chai ikaingia kwenye kompyuta. Bosi akasema, "Lakini tumeshawaambia tulipanga tangu mwanzo." Nikamwambia, "Tulipanga nini, bosi, wakati sehemu ya kwanza tulibishana wiki nzima Zuberi avae ndala au atembee peku?" Hapo nikapiga meza. Vikombe vikaruka! Hata dagaa wa chini walisikia. Bosi akainua mikono: "Haya bwana, wewe ndiye mwandishi."

Umeona? Ukubwa dawa.

Na ule mto wako, dada. Niliposoma nilikaa. Neno lile nililirekodi mimi, kwa masikio haya mawili, nikalisikia mara mia wakati wa kulisafisha, na kila mara nikaona mto wenye foronya. Nilipocheza nami nilikimbilia kitandani. Ningekuwa na kofia ningeivua, lakini kofia naachia yule kijana wa ndani ya nyumba.

Jumapili nilipita kwa Bibi. Watoto wa mtaani wamempa jina, wanamwita "Mke wa Zuberi". Anacheka tu. Amewajibu, "Mwambieni alete mahari, nimechoka kungoja." Kwa hiyo mambo ni kicheko. Lala usingizi.

Mpiga meza,
Fikirini


Kilambo
23 Februari 2025

Mdogo wangu,

Mkoba nimeufungua. Nguo zilikuwa zimeshashika harufu ya mkoba, nimezifua na kuzianika, na watoto wa darasa la tatu wameniuliza kama ninaolewa.

Ahsante. Nilikuwa nakuona mtu wa maneno, nami ndiye niliyekufundisha kusoma, kwa hiyo najua maneno yako yalikotoka. Kumbe una meza ya kupiga. Bibi akisikia atasema mumewe amekuwa mwanamume.

Lakini nikuulize swali moja la mwandishi kwa mwandishi. Mwisho wa sehemu ya tatu, Zuberi anapotoka majini na ufunguo, Bibi anamwambia nini? Mimi nimeandika maneno yale kichwani tangu siku ya kwanza, na kila nikivuka hapa kivukoni na kuona mtu wa ng'ambo akishuka mtumbwini anatafuta ndugu zake kwa macho, nayabadilisha kidogo. Sitaki kukulazimisha yangu. Nataka kusikia yako. Niandikie sentensi hiyo moja tu.

Kilichonikaa rohoni ni hiki: barua yako imejaa uliyosema wewe, na bosi kasema kidogo mno. Mustafa ninayemjua haishiwi maneno upesi hivyo. Labda amezeeka.

Mwezi ukiandama, Ramadhani njema. Mpelekee Bibi tende, usizile njiani.

Dada yako,
Warda


Kilambo
12 Machi 2025

Fikirini,

Hujanijibu. Kichuguu kimenijibu.

Asia alinishika mkono, tukapanda. Mmetoa kionjo cha sehemu ya tatu. Ni kifupi, maji hayajachemka jikoni kimeisha. Ni bibi yule wa meno. Na anaongea kwa sauti ya Bibi, hata mpita njia wa Mikindani hawezi kuikosea, sembuse mimi? "Mume wangu, umenona. Leo nitakula."

Bibi hajawahi kusema hivyo. Bibi alisema "njoo ule". Aliita mtoto chakulani! Sasa mashine ya kuiga sauti imeiramba yake, ikaitafuna, ikatutemea hii. Nilishuka kichuguu nikatapika maji matupu, na mpaka sasa sijui kama funga yangu ya siku ile imesimama. Nimewahi kuona samaki aliyeoza, nimewahi kufunga kidonda chenye funza. Havikunitia kinyaa kama kusikia ule upole wake ndani ya maneno yale. Maana upole ni wake kweli, ndio unaotisha.

Na chini yake Mustafa kaandika: "Waliocheza tangu sehemu ya kwanza wanajua. Tulipanga tangu mwanzo." Maelfu wamempongeza kwa akili. Wanarudi nyuma kuhesabu ushahidi: bibi hali pamoja na mtoto. Alimwachia kitoweo! Bibi hasemi baba alikokwenda. Ameapa! Kila nilichompa kwa upendo wamekigeuza kuwa jino.

Wewe ulisema neno lako ndilo la mwisho. Mimi nilifungua mkoba kwa ajili ya neno hilo. Nilikaa huku nikianika nguo wakati kazi inafungwa.

Bibi yukoje? Jibu hilo kwanza, kisha mwandishi mkuu ajieleze.

Warda


Mikindani
20 Machi 2025

Dada Warda,

Barua hii ukiipokea usiisome kwanza. Mpokee Bibi mkoba. Ndiye aliyekaa mbele pamoja na Mathayo, na amekuja na chuma chake cha vitumbua mapajani, amekataa kisiwekwe juu ya gari.

Umeuliza yukoje. Mwili mzima, alhamdulillahi. Mengine nakueleza, na nikifanya mzaha mahali nisamehe, ni ulimi unateleza kwa mazoea.

Kionjo kilipotoka, siku ya kwanza vitumbua vilibaki nusu. Siku ya pili vilibaki vyote. Mwezi wa Ramadhani, saa ya kufuturu, watu wanapita na sahani zao mbele ya kikongwe wanakwenda kununua kwa mwingine. Nasra, yule jirani ambaye mwanawe alikuwa akishinda kwa Bibi tangu ananyonya, alikuja kumchukua mtoto. Akazoa na kijinguo chake kwenye kamba. Bibi akamwuliza, "Anaumwa?" Nasra akasema, "Hapana, shikamoo," akaondoka. Shikamoo ile, dada, ilikuwa kama mtu anarusha mfupa ili mbwa asimfuate.

Juzi asubuhi nikakuta mlango umepakwa kinyesi, cha mtu, juu mpaka chini, na kwenye kitasa wamekanda. Nimefanya kazi bandarini, nimelala kwenye stoo ya ngozi Dar, nilidhani pua yangu imehitimu. Nilikiosha kwa mikono hii, kwa sabuni ya unga na majivu, huku Bibi yuko ndani ananiuliza, "Unafanya nini huko nje?" Nikamwambia nafua. Alijua. Harufu haihitaji mkalimani.

Baada ya kufuturu nikaenda barazani kwa kina Saidi. Nikawaambia, jamani, sauti ile ni ya mashine, Bibi hajasema hivyo, na "mume wangu" ni utani, nyinyi wenyewe mmeitwa hivyo na bibi zenu. Mzee mmoja akaitikia, "Kweli, mimi niliitwa." Nikapata matumaini. Ndipo Saidi akaweka kikombe chini.

"Fikirini, wewe si ulisimama hapa hapa ukatuambia hadithi yote imetoka kichwani mwako?"

"Nilisema."

"Tangu sehemu ya kwanza?"

"Nilisema, lakini..."

"Basi. Wazungu wangesema, tungewakatalia, hawajui mila. Bosi wako angesema, tungesema anatafuta riziki. Lakini mjukuu wa damu, aliyelelewa ndani ya nyumba ile, ndiye kaandika kwamba bibi yake mla watu, na kalipanga tangu mwanzo. Sisi ni akina nani tumbishie?"

Nikasema nilikuwa natania. Wakacheka kicheko kisicho cha furaha. Saidi akasema, "Sasa ndiyo unatania, maana yamekufika."

Unaelewa, dada? Wale wa video wametafuta ushahidi kwenye gemu. Mikindani hawakuhitaji. Ushahidi ni mimi.

Nilirudi nikamweleza Bibi yote, hata kahawa niliyokunywa. Alisikiliza akiwa anachambua mchele. Akauliza, "Huyo bosi wako ana bibi?" Nikasema sijui. Akasema, "Hana. Mwenye bibi hasahau." Kisha akaniambia nimletee mkoba. Nikamwambia nitalala mlangoni, atakayekuja na kinyesi tena atanikuta. Akasema, "Hapana, Fikirini."

Fikirini. Jina tupu, kama mwalimu anaita mahudhurio. Tangu juzi hajaniita mume wake. Akitaka kuniita, neno linafika mdomoni, anatazama dirishani kama kuna mtu, analimeza. Neno alilowaitia wajukuu wake wote wa kiume chakulani, anaona aibu nalo. Nimeona vitu vingi vya kutapisha mwezi huu, na hiki ndicho kilichozidi vyote.

Kazi nimeacha. Usinipongeze. Agnes tu ndiye aliyegundua kwamba sipo, tena alipotaka chai.

Nyumba ninabaki nayo mimi. Kesho Ijumaa, imamu amenikubalia nisimame baada ya sala, watu wakiwa wamejaa. Watasema natania tena, kwa hiyo nimeamua niseme bila chumvi, bila Nairobi, bila Pemba. Nakuandikia wewe kwanza kwa sababu wewe ndiye ulikuwa na haki ya kusikia kabla ya hao, na kwa sababu ulimi wangu haujawahi kupita njia hii, unahitaji mazoezi.

Nitasema hivi:

Sikupewa sehemu ya tatu niandike. Wala ya kwanza, wala ya pili sikuandika. Katika ofisi ile kazi yangu ni kushika kinasa sauti na kufuata chai. Siku ya kikao sikupiga meza. Nilikuwa mlangoni na birika, nikaiona ile picha ya meno, nikanyamaza. Dada yangu alitaka kuja kuzuia, nikamwambia asije, kwa sababu angekuja angeona sina cheo. Ile bahati niliyojisifia haikuwepo. Ilikuwa uongo.

Fikirini